Mashine Inayowaka Ikipenda

Saa saba mchana kwenye fungu la Maziwe, kivuli pekee kinachopatikana ni cha boti uliyokuja nayo. Wageni wanne tuliowaleta walikwisha kuogelea wakachoka, wakakausha nywele, wakafunga mikoba. Nahodha, ambaye ni mtoto wa mjomba wangu, akaishusha mashine majini, akakamua pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, akavuta choki, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kwenye mara ya kumi alivua fulana. Kwenye mara ya ishirini na kitu mmoja wa wageni, mzee wa Kijerumani mwenye adabu zake, aliuliza kama anaweza kupokea zamu, na hapo boti nzima tukashikwa na haya.

Maji yalikuwa yanajaa. Maziwe si mahali pa kulala. Ni hifadhi ya bahari, lakini miti yake ya mvinje iliondoka zamani, mchanga ukalika, na siku hizi bamvua likijaa fungu linafunikwa karibu lote. Nilikuwa napima kwa macho mstari wa maji huku nikijifanya sipimi. Tulikwisha kukata tamaa na kumpigia simu mwenye boti nyingine aje atuvute. Saa tisa kasorobo nahodha akajaribu mara ya mwisho, kwa hasira tu, bila hata kugusa choki. Ikawaka. Ikanguruma vizuri, ikatupitisha kwenye mawimbi ya mdomo wa mto Pangani na kutufikisha gatini kama vile hakuna lililotokea.

Mashine iliyokufa moja kwa moja haisumbui akili. Unaifungua, unatafuta kilichokatika, unanunua, unafunga. Inayokondesha watu ni hii inayowaka ikipenda. Ukiipeleka kwa fundi inawaka. Ukiifunga kwenye pipa la maji uani inawaka kwa kamba ya kwanza, na fundi anakutazama kama umemsingizia mtoto wa watu. Kisha mnakwenda nayo baharini, mbali na spana na mbali na mashahidi, na huko inakumbuka ugonjwa wake.

Yetu ni ya Kijapani, nguvu za farasi 25, silinda mbili, tustroki ya kuchanganya oili kwenye petroli, ya kuwashwa kwa kamba. Mjomba aliinunua Unguja ikiwa imeshatumika, na umri wake haujulikani maana bati lenye namba limelika na chumvi. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu kosa, kama utakavyoona, halikuwa lake. Mimi nina robo ya hisa niliyoachiwa na marehemu mama, na robo hiyo ndiyo inayonipa heshima ya kuombwa mchango kila kinapoharibika kitu. Siku za kawaida boti inakwenda kuvua usiku. Jumamosi na Jumapili, bahari ikiwa shwari, inapeleka wageni Maziwe kutazama matumbawe, na pesa ya wageni ndiyo inayolipia matengenezo. Au ndiyo iliyokuwa ikilipia, kabla matengenezo hayajaanza kuila yote.

Fundi wetu wa kwanza ni kijana mwenye mikono myepesi. Sina ugomvi naye. Alifanya wanachofanya wengi. Wiki ya kwanza aliweka plagi mpya. Wiki ya pili alifungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akaipuliza, akairudisha. Wiki ya tatu akasema koili imechoka, tukanunua koili. Kila alipobadilisha kitu mashine ilitulia siku mbili tatu, sote tukafurahi, halafu ikarudia. Koili ndiyo iliyotulaghai zaidi. Baada ya kuifunga tulikwenda Maziwe mara mbili mfululizo bila tatizo lolote, na mimi mwenyewe niliandika kwenye kikundi cha familia kwamba safari hii pesa imepata mahali pake. Mara ya tatu tukavutwa. Kijana akaanza kutaja sidiai, kile kiboksi cheusi kinachogawa moto wa plagi, ambacho kwa mashine ya namna hii bei yake inatosha kununulia mbuzi wa harusi. Hapo mjomba akasema basi, kesho tunavuka.

Kuvuka, kwa mtu wa Pangani mjini, ni kupanda kivuko kwenda Bweni, ng'ambo ya kusini. Huko chini ya mkungu kuna mzee ambaye kazi yake sasa ni kushona nyavu, lakini ukimpelekea mashine haikatai. Ufundi aliuanzia kwenye Seagull ya Kiingereza, mashine isiyo na kifuniko, ambayo kila unapotaka kuiwasha unazungusha kamba mwenyewe juu ya flaiwili kama mtu anayechezesha pia. Tuliibeba yetu kwenye toroli, tukamwamkia, akaitikia bila kunyanyuka.

"Imefanyaje?"

"Inakataa kuwaka, mzee."

"Inakataa wapi?"

Nilidhani hakusikia vizuri. Nikaanza kumweleza habari za kamba, plagi na koili. Akaninyamazisha kwa mkono wenye sindano ya nyavu. "Mwanangu, nimeuliza wapi. Sijauliza nini."

Bahati yetu mjomba ni mtu wa kuandika. Ana kaunta buku ambamo kila safari ina mstari wake: tarehe, mahali, lita za petroli, kilo za samaki au idadi ya wageni, na upande wa kulia maneno machache kama "mvua" au "nyavu imechanika". Alituma mtoto akalichukue. Tukakaa mkekani tukalipitia, na ndani ya nusu saa lilisema mambo ambayo sisi tuliokuwa tunavuta kamba tulikuwa hatujayaona. Mashine haikuwahi kukataa gatini asubuhi. Haikuwahi kukataa usiku, hata mara moja, ingawa usiku huzimwa na kuwashwa mara nne tano nyavu zinapotegwa na kuteguliwa. Ilikataa Maziwe, na mara mbili ilikataa pwani ya Ushongo, na kila mara ilikuwa mchana, baada ya boti kukaa imetia nanga saa mbili au zaidi. Na zile safari mbili nzuri za baada ya koili mpya? Upande wa kulia mjomba alikuwa ameandika neno moja: "mawingu".

Mzee akasoma neno hilo mara mbili, akacheka.

Hapa inafaa nieleze kidogo mashine yenyewe inataka nini, maana wengi wetu tunaivuta kamba kama tunavyobonyeza swichi ya taa. Tustroki ni kitu chenye mahitaji machache. Inataka petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, inataka cheche kwa wakati wake, na inataka silinda iliyobana ili mchanganyiko ule usindikwe kabla ya kulipuka. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo haiwaki, na vikipatikana vyote haina namna ya kukataa. Ndiyo sababu mashine hizi bado zinatawala pwani yetu na kwenye maziwa, wakati Marekani ilianza kuzibana kwa kanuni za hewa safi tangu modeli za 1998, na huko wamehamia kwenye fostroki zenye kompyuta. Tustroki inanuka, inakula mafuta, na inaacha rangi za upinde wa mvua majini, lakini inafunguliwa kwa spana tatu na bisibisi.

Hata asili yake ni ya mtu aliyechoka. Inasimuliwa kwamba Ole Evinrude, Mnorwe aliyekulia Wisconsin, alipiga makasia ziwani siku ya joto kwenda kumnunulia mchumba wake Bess aiskrimu, akarudi na maji matamu. Kama aiskrimu ilikuwapo au haikuwapo shauri yao, ila 1909 alianza kuuza mashine yake ya kupachika nyuma ya boti: nguvu ya farasi moja na nusu, uzito wa pauni 62, karibu kilo 28. Yamaha waliingia na yao ya kwanza, P-7, mwaka 1960. Jina la Evinrude lilikaa sokoni zaidi ya miaka 100 mpaka wenye nalo walipoacha kuzitengeneza 2020. Ukiinua kifuniko cha mashine yetu na kutazama vilivyomo, Evinrude angevitambua karibu vyote.

Turudi Bweni. Mzee hakufungua kitu. Alitoa plagi mbili, akaziba tundu la kila silinda kwa kidole gumba na kumwambia nahodha avute. Kidole kikasukumwa nje kwa nguvu, juu na chini sawasawa. Alikuwa na geji ya kupimia mgandamizo, akaifunga nayo. Alichotaka kuona, alituambia, si namba kubwa bali namba mbili zinazofanana. Silinda moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ujue ringi zimekwisha au pistoni imechunika, na hapo habari za plagi na kabureta ni kujiliwaza. Zetu zilikaribiana. Kisha akarudisha plagi kwenye kofia zake, akaziegemeza kwenye chuma cha mashine mbali na matundu, maana mvuke wa petroli na cheche si vitu vya kuviweka jirani, akavuta mwenyewe. Cheche ilikuwa ya buluu, nene, yenye sauti. Ingekuwa nyembamba na ya manjano angeingia kwenye nyaya.

Na hapo angeanzia kwenye kidude cha bei rahisi kuliko vyote, kile kipande chekundu chenye kamba ambacho nahodha hujifunga mkononi ili akianguka majini mashine izime. Mashine nyingi "zilizokufa" zinazovushwa kwenda Bweni, alisema, hazina ugonjwa mwingine isipokuwa kidude hicho kimechomoka, au swichi yake imeingia chumvi. Baadaye ndiyo waya wa hasi uliofungwa kwenye chuma kilichoota kutu nyeupe. Baadaye sana ndiyo koili. Kuna koili kweli zinazofanya kazi zikiwa baridi na kufa zikipata joto, na kwa kuwa yetu ilikuwa inakataa mchana nilimuuliza kama si hiyo. Akanijibu kwa swali: usiku mkizima na kuwasha mara tano, mashine inakuwa baridi?

Haiwi. Inakuwa moto kama chungu. Na inawaka.

Basi joto la mashine halikuwa shida. Mzee akaifunga mashine, akaturudishia, akatupa kazi ya nyumbani: tununue spana ya plagi, tuiweke kwenye boti, na siku ikikataa tusivute zaidi ya mara tano. Tutoe plagi, tuzitazame. Kavu au zimelowa? Hakutaka kujua jambo lingine.

Naona aibu kuliandika hili. Tulikuwa tumetumia pesa za msimu mzima kubadilisha vitu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutazama plagi ikiwa baharini wakati mashine imegoma. Kijana fundi alikuwa akizitazama uani, baada ya mashine kuwaka na kuzikausha. Ni kama kumpima mgonjwa homa siku aliyopona.

Plagi ina mengi ya kusema ukiipata kwa wakati wake. Ikitoka kavu kabisa baada ya kuvuta na kuvuta, mafuta hayafiki, na safari yako ni kurudi nyuma kutoka kabureta mpaka kwenye tangi. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yamezidi au moto haupo. Ikitoka nyeusi yenye utelezi, pengine mtu ameipenda mashine kupita kiasi. Nasema hivyo kwa sababu kwetu kuongeza oili ni dalili ya mapenzi. Kitabu kinasema sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, lakini nahodha anaona bahili huyo, anaongeza kidogo ya baraka, na plagi inavaa koti la masizi. Ikitoka na matone ya maji, ulinunua mafuta kwa mtu asiyefunika madumu yake. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi. Mimina kidogo kwenye chupa safi ya plastiki, iache itulie, utayaona yamejitenga kama kwenye picha. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa haijitengi hivyo, na wakati ule mafuta ya taa yalipokuwa rahisi mchezo huo ulikuwa mkubwa. Serikali ilipandisha kodi yake 2011, na hamu ya kuchanganya ikapungua.

Na hata plagi mpya si plagi tu. Za NGK, ambazo ndizo zimejaa madukani kwetu, kadiri tarakimu ya katikati inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyokuwa ya baridi zaidi, na ukiona -10 mwishoni maana yake nafasi ya cheche ni milimita moja. Ya pikipiki inaweza kuingia kwenye uzi wa boti bila tatizo, ikawasha, ikakutoa mpaka katikati ya bahari, halafu ikakuacha huko.

Jumamosi iliyofuata jua lilikuwa kali kama tulivyoomba. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda Maziwe nikitamani mashine ikatae. Tulifika saa nne, wageni wakaingia majini, nahodha akazima, akainua mashine, akafunga skurubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi kama alivyofundishwa, na tukakaa. Tangi letu ni la plastiki, jekundu, lita 24, na hukaa nyuma karibu na ubao wa tezi, mahali ambapo jua la saa sita haliachi hata upande mmoja. Saa saba tulipotaka kuondoka nililigusa nikatoa mkono. Lilikuwa limevimba. Mbavu zake, ambazo kwa kawaida zimebonyea kidogo, zilikuwa zimetokeza kama tumbo la aliyeshiba. Nahodha akafungua skurubu ya hewa, likapiga pumzi ndefu, fssss, mpaka wageni wakageuka.

Miezi yote hiyo nilikuwa nimeisikia sauti ile. Kila safari. Nilidhani ndivyo matangi yanavyofanya.

Akavuta mara tano, kwa choki kama kawaida. Kimya. Tukatoa plagi. Zilikuwa zinachuruzika. Si unyevu, ni petroli iliyotiririka mpaka ikadondoka kwenye kidole changu, na chini ya mashine, juu ya maji yaliyotulia, lilikuwa limetandaa lile doa la rangi za upinde wa mvua, pana kama mkeka wa kuswalia. Mashine haikuwa na njaa. Ilikuwa imeshiba mpaka imezama, na sisi kwa kuvuta choki tulikuwa tunamnywesha maji mtu aliyetoka kuzama.

Tuliitibu palepale kama mzee alivyotuelekeza. Mpira wa mafuta ukachomolewa. Kidude chekundu kikatolewa ili cheche isitokee. Plagi zikiwa nje tukavuta kamba mara kumi, ikatema petroli kama mvuke wa chai, tukaiacha ipumue, tukafuta plagi kwa kitambaa. Tukazirudisha, tukarudisha na kidude. Choki ndani kabisa, mkono wa mwendo wazi, gia huru. Ikawaka kamba ya tatu kwa moshi wa kutisha, tukarudisha mpira upesi kabla haijakausha kabureta, ikatulia.

Tuliporudi Bweni kumpa habari, mzee hakuonyesha kushangaa, jambo ambalo mimi liliniudhi kidogo. Akaeleza akichora mchangani kwa kijiti. Tangi likifungwa skurubu ya hewa na kuachwa juani, petroli iliyomo inachemka polepole kwa namna yake, mvuke unajaa, na mvuke unatafuta njia. Njia pekee iliyobaki ni mpira wa mafuta. Ile pampu ya mkono ina vilango viwili ndani yake, lakini vyote vinafunguka kuelekea kwenye mashine. Vinazuia mafuta kurudi, havizuii kwenda. Kwa hiyo mafuta yanasukumwa mpaka mlangoni mwa kabureta, na pale mlinzi ni mmoja tu, sindano ndogo ambayo floti inaibana kwenye tundu lake kabureta inapojaa. Sindano mpya inaweza kuhimili. Iliyochakaa inapitisha, tone kwa tone, saa mbili nzima, wageni wakiwa wanaogelea.

Usiku hakuna jua. Gatini asubuhi tangi limetoka kivulini, chini ya baraza la mjomba. Siku ya mawingu halivimbi.

Nikasema basi tatizo ni kufunga skurubu, tuiache wazi. Mjomba naye akasema la, tatizo ni sindano, tununue. Mzee akasema bado hatujui. Nilimwona mkaidi siku ile, lakini ndicho kitu alichonifundisha ambacho sikukitegemea kutoka kwa mtu wa umri wake. Alitaka tuende tena mara mbili. Mara ya kwanza tufanye kila kitu kama zamani isipokuwa jambo moja, tuchomoe mpira wa mafuta mara tu tukitia nanga. Mara ya pili tusichomoe. Ikiwaka ya kwanza na kukataa ya pili, ndipo tufungue kabureta. Mkibadilisha viwili kwa pamoja, alisema, mtapona msijue dawa ni ipi.

Mjomba alilalamika juu ya bei ya petroli, maana EWURA inayoipangia kikomo huwa haimwonei huruma, lakini alikwenda. Mara ya kwanza ikawaka kwa kamba ya pili, jua likiwa utosini. Mara ya pili ikagoma, plagi zikachuruzika, tukaitibu tukarudi. Sijawahi kuona watu wanashangilia mashine iliyogoma kama tulivyoshangilia.

Kabureta ilifunguliwa mkekani, juu ya sinia la chai ili vitu vidogo visipotee. Skurubu nne za bakuli la chini, moja imeng'ang'ania, ikapigwa kidogo kwa mpini wa bisibisi ikalegea. Ndani, chini ya floti, sindano. Ina urefu wa punje ya mchele, na ncha yake ina rangi ya shaba. Mzee alinipa, akaniambia nisitazame, nipitishe ukucha. Ukucha ukakwama. Kuzunguka ncha ile kulikuwa na mfereji, mwembamba kuliko uzi, uliochimbwa na miaka ya kugonga mahali pamoja kila mawimbi yanapoitikisa boti. Nikiitazama kwa macho siuoni. Yule kijana alikuwa ameishika sindano hiyohiyo alipoosha kabureta, akaiosha vizuri, akairudisha inang'aa.

Mpya tuliipata Tanga mjini, pamoja na kiti chake na gasketi ya bakuli. Vyote vitatu havikufikia robo ya bei ya koili.

Kuna watakaosoma hapa ambao ugonjwa wao si huu. Mashine yako ikiwaka vizuri, ikaenda dakika chache, ikafifia na kuzima, halafu pampu ya mkono ukaikuta imenywea kama dafu lililokauka, kosa linaweza kuwa skurubu ileile kwa upande wa pili: umesahau kuifungua, tangi halipati hewa, mafuta hayatoki. Pampu isiyokubali kuwa ngumu inavuta hewa mahali, na mahali penyewe mara nyingi ni kile kipete cha mpira kwenye kiungo cha mashine, au mtu aliyekata mpira akaurudisha pampu kinyume, mshale ukiangalia tangi badala ya mashine. Inayokuwa ngumu na bado plagi kavu ina jeti iliyoziba, hasa ikiwa ilikaa msimu mzima wa kusi bila kazi na mafuta yakaganda gundi humo ndani. Afadhali uchomoe mpira na kuiacha inywe mpaka ijizimie kabla ya kuihifadhi. Sitayamaliza yote. Lakini kabla hujanunua kitu, andika kwanza inakataa wapi na saa ngapi.

Boti yetu sasa ina desturi mpya. Nanga ikizama, nahodha anachomoa mpira wa mafuta kabla hajashusha ngazi ya wageni, na tangi linafunikwa gunia lililochovywa baharini. Sindano ni mpya, pengine hayo hayahitajiki tena. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi nina robo tu.

Koili ya zamani, ile iliyosemwa imechoka, mzee aliipima siku ya mwisho kabla hatujavuka kurudi. Ilikuwa nzima. Ipo kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kiti cha nyuma, imefungwa kwenye nailoni pamoja na spana ya plagi.